Hesabu Hisa Kabla ya Kuhesabu Wakia

Hotuba kwa vyama vya uwekezaji, Kisumu

Bwana Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, wanachama, na nyinyi wageni wetu mliodamka mapema kutoka Kakamega, Siaya na Migori: asanteni kwa nafasi hii.

Mmeletewa habari ya kampuni ya ng'ambo inayotafuta dhahabu. Hisa yake ni senti 12 za dola, na baadhi yenu mko tayari kununua kesho asubuhi. Kampuni hiyo sitaitaja, wala sitasema nunueni au acheni. Nitaeleza jinsi ya kuipima, maana za aina hii zimejaa tele katika masoko ya hisa ya Kanada, Australia na London. Mkiikwepa moja mbovu leo, wiki ijayo mtaletewa nyingine.

Kampuni ndogo ya kutafuta dhahabu haiuzi dhahabu. Haina mgodi, haina kinu, haina hata gramu moja ya kupeleka sokoni. Bidhaa yake ya pekee ni hisa. Mshahara wa mjiolojia unatoka kwenye hisa, dizeli ya mtambo wa kuchoronga inatoka kwenye hisa, na tiketi ya mkurugenzi kwenda mkutanoni Toronto vilevile. Kwa hiyo kabla hujauliza ardhini kuna wakia ngapi za dhahabu, uliza kuna hisa ngapi, na ni ngapi nyingine zitatolewa kabla dhahabu ya kwanza haijatoka. Mengine yote nitakayosema yanarudi hapo.

Mnayajua mambo ya shamba la urithi kule Vihiga. Ekari moja na nusu, wana watatu, kila mmoja anaujua mpaka wake. Halafu anajitokeza mwana wa nne, na wa tano. Ardhi haijapungua hata futi moja, lakini kipande chako kimebaki cha kupanda sukuma wiki tu. Hisa mpya zikitolewa huwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba huku hakuna matanga wala kikao cha ukoo. Tangazo hutoka usiku wakati sisi tumelala.

Chukueni karatasi. Tuiite Kampuni Fulani. Imetoa hisa milioni 180, bei senti 12. Zidisha: kampuni nzima sokoni ina thamani ya dola milioni 21.6. Hiyo ndiyo bei unayoulizwa. Senti 12 peke yake haikuambii kama kitu ni rahisi au ghali. Kampuni yenye hisa bilioni 2 za senti 2 ni ghali maradufu kuliko yenye hisa milioni 20 za dola moja.

Sasa fungua taarifa ya fedha uende kwenye maelezo ya mtaji, kule nyuma ambako wengi hawafiki. Kuna waranti milioni 60, yaani haki ya kununua hisa mpya kwa senti 18 kabla ya tarehe fulani. Kuna opsheni milioni 14 za wakurugenzi na wafanyakazi, kwa senti 15. Jumlisha zote upate milioni 254. Hiyo ndiyo idadi ya kutumia unapogawa chochote kwa hisa, iwe wakia, iwe faida ya mgodi wa kesho. Zile waranti nazo ni kama kifuniko cha sufuria. Bei ikipanda ikapita senti 18, wenye waranti watachukua hisa zao na kuziuza papo hapo, bei irudi chini. Angalieni tarehe ya mwisho wake.

Benki kuna dola milioni 2.1. Robo mwaka iliyopita ilitumia milioni 1.5, yaani laki tano kwa mwezi. Pesa itaisha baada ya miezi minne na siku chache, na hakuna mkurugenzi anayengoja sufuria iungue. Atauza hisa miezi miwili au mitatu kutoka leo. Ukinunua leo kwa senti 12, tarajia kwamba kabla siku 90 hazijaisha kuna mtu ataingia kwa senti 10, tena apewe nusu waranti juu ya kila hisa, yaani waranti moja kwa hisa mbili, kama vile mama wa nyanya pale Kibuye anavyomwongezea mteja wa jumla. Kampuni ikitafuta milioni 6 kwa bei hiyo, hisa mpya ni milioni 60. Aliyekuwa na asilimia 1 anabaki na 0.75. Rudia mara nne (na mara nne si nyingi katika safari ya miaka minane au kumi), asilimia 1 inakuwa 0.32. Ili bei ya hisa yako isimame pale pale ilipokuwa, thamani ya kampuni nzima lazima iwe imeongezeka zaidi ya mara tatu.

Kuuza hisa si kosa. Hiyo ndiyo njia kuu ya kutafuta dhahabu bila kukopa, na benki haikopeshi shimo. Cha kuuliza ni hizo pesa zilinunua nini. Hapa nina kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote, na sijakiona kwenye vijitabu vya kampuni hata mara moja. Gawa wakia kwa kila hisa elfu. Tuseme miaka miwili iliyopita Kampuni Fulani ilikuwa na wakia 400,000 na hisa milioni 100: wakia 4 kwa kila hisa elfu. Leo ina wakia 600,000 na hisa milioni 180: wakia 3.33. Tangazo lilisema rasilimali, yaani dhahabu inayokadiriwa kuwa ardhini, imekua kwa asilimia 50, na halikudanganya. Ila wewe mwenye hisa elfu moja umepoteza theluthi mbili ya wakia, na ulipiga makofi.

Kipimo cha pili kinaenda nacho sambamba. Chukua taarifa za miaka mitatu, tafuta pesa iliyoingia ardhini: kuchoronga, maabara, upimaji, mishahara ya wajiolojia walio uwanjani. Gawa kwa pesa yote iliyotumika. Ikiwa chini ya nusu, jueni ofisi ndiyo mgodi. Kwa kampuni za Australia kazi imerahisishwa: kila robo mwaka hutoa fomu iitwayo 5B, na sehemu ya 8 inasema wazi pesa iliyopo inatosha robo ngapi. Zikiwa chini ya mbili, lazima waeleze watapata wapi nyingine. Kwa Kanada, hisa zinazouzwa faraghani kwa watu maalum kwa kawaida hufungwa miezi minne na siku moja. Hesabu kutoka tarehe ya mauzo uweke alama kwenye kalenda. Wiki hiyo wauzaji huwa wengi, na mwenye haraka ya kununua angengoja ipite.

Sasa mashimo ya kuchoronga.

Tangazo linasema: mita 30 za mwamba zenye gramu 3 za dhahabu kwa tani, ikiwemo mita 1 yenye gramu 85. Linavutia. Lakini fanyeni hesabu. Mita 30 mara 3 ni 90. Ile mita moja imechukua 85. Zimebaki 5 za kugawia mita 29, yaani gramu 0.17 kwa tani. Mita 29 hizo ni mawe ya kujengea ukuta. Nendeni pale ufuo wa Dunga, mchukue mbuta mmoja wa kilo 10, mmtie kwenye karai pamoja na omena 99. Wastani wa uzani ni gramu 100 na ushei kwa kila samaki. Ukimpigia mgeni simu useme "nina samaki mia, wastani gramu mia", ataalika watu. Kila mnapoona neno "ikiwemo" kwenye tangazo, toeni kwanza kilichomo ndani mwangalie kilichobaki nje.

La pili ni unene wa kweli. Mshipa wa dhahabu ni kama ubao uliosimama ardhini umeinama kidogo. Ukiuchoronga kwa kuukata kwa pembe mraba, mita unazopata ndizo unene wake. Ukiupitia kwa pembe ya nyuzi 30, mita 10 za shimo ni mita 5 za mshipa. Kwa nyuzi 10, ni mita 1.7 tu. Kampuni makini huandika unene wa kweli, au makadirio yake, kwenye jedwali lile lile la matokeo. Nyingine huandika kwa herufi ndogo chini kabisa kwamba unene wa kweli haujulikani. Shimo la kwanza au la pili, hilo linaeleweka. Shimo la 40, hapana.

La tatu hawatawaandikia kabisa: namba zilizorukwa. Matokeo yanatajwa ya shimo la 21, 22, 24 na 27. Lile la 23 liko wapi? Linaweza kuwa bado maabara, na hilo ni jibu halali kwa wiki kadhaa. Linaweza pia kuwa tupu. Wekeni orodha ya namba zote, mziulize miezi mitatu baadaye.

Nikae kidogo kwenye maabara, maana huku ndiko wachimbaji wetu wa Ikolomani na Nyatike wanakojua zaidi kuliko mabenki. Mtambo hutoa mche wa mwamba, mviringo, unene kama wa mpini wa jembe. Saizi moja inayotumika sana ina kipenyo cha milimita 47.6. Mche hupasuliwa kwa urefu. Nusu hubaki sandukuni, nusu huenda maabara, ikavunjwa, ikasagwa laini kama unga, kisha ukachotwa unga wa gramu 30 au 50 wa kuyeyushwa. Hizo gramu 50 ndizo zinazosemea mita nzima ya mwamba. Sasa fikirieni chembe moja ya dhahabu yenye kipenyo cha milimita moja, kichwa cha pini. Ina uzani wa miligramu 10 hivi. Ikiangukia kwenye kijiko cha gramu 50, maabara itaandika gramu 200 kwa tani. Ikiangukia nje ya kijiko, itaandika karibu sifuri. Mwamba ni ule ule. Na kusaga hakusaidii sana, kwa kuwa dhahabu haivunjiki kama jiwe. Inabondeka na kutambaa kama siagi.

Ndiyo maana mahali penye dhahabu ya chembe kubwa, kampuni inayojua kazi yake hupima kwa njia ya chekecheo: huchukua unga mwingi zaidi, kilo moja hivi, huuchekecha kwenye wavu mwembamba sana, kisha chembe zilizobaki juu hupimwa peke yake. Pia huingiza kwa siri sampuli zisizo na dhahabu kabisa na sampuli ambazo kiwango chake kinajulikana, moja katika kila ishirini hivi, ili kuikamata maabara ikikosea. Tafuteni maelezo hayo. Yakikosekana, msiendelee na ukurasa unaofuata. Picha ya jiwe lenye dhahabu inayoonekana kwa macho nayo haithibitishi chochote. Jiwe la namna hiyo mtapata Kakamega, na mwenyewe bado anadaiwa karo.

Aliyepuuza mambo haya alilipa. Kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilidai kupata dhahabu Busang, kwenye kisiwa cha Borneo upande wa Indonesia. Madai yalipanda hadi makumi ya mamilioni ya wakia, na kampuni ikafikia thamani ya dola bilioni 6 za Kanada. Machi 1997 mjiolojia wake, Michael de Guzman, alianguka kutoka kwenye helikopta. Mei mwaka huo wakaguzi huru wakatoa ripoti: dhahabu ilikuwa imetiwa kwenye sampuli kwa mkono. Dalili zilikuwepo mapema. Ile nusu ya mche inayopaswa kubaki sandukuni haikubakizwa. Mche wote ulisagwa, hivyo hapakuwa na cha kupima tena. Na chembe zilikuwa na kingo za mviringo, kama dhahabu iliyosuguliwa na maji ya mto, ilhali ilisemwa imetoka ndani ya mwamba mgumu. Mtu yeyote aliyewahi kuosha mchanga kwa karai kule Migori angeitambua tofauti hiyo. Kanuni kali za Kanada za kutoa ripoti za madini, NI 43-101 za mwaka 2001, zilizaliwa na kisa hicho.

Tuje kwenye wakia. Wakia moja ni gramu 31.1. Tani za mwamba mara gramu kwa tani, gawa kwa 31.1: tani milioni 2 zenye gramu 5 ni tani 10 za dhahabu, wakia 321,500. Lakini wakia si sawa zote. Kuna rasilimali ya kukisiwa tu (mashimo yako mbali mbali), iliyobainishwa (mashimo yamesogeleana), na iliyopimwa. Juu ya hizo kuna akiba, yaani sehemu ya rasilimali ambayo upembuzi umeonyesha inachimbika kwa faida. Mnapoona kichwa cha habari chenye jumla moja, ivunjeni mjue ni kiasi gani kimekisiwa tu. Takwimu za zamani za wakati wa ukoloni hazihesabiki mpaka zichorongwe upya, hata kama zinatoka mahali penye jina kama Rosterman, ule mgodi wa zamani wa Kakamega.

Hapa ndipo watu wetu hukasirika, kwa hiyo nitasema polepole. Mwaka 2012 African Barrick Gold, ambayo baadaye iliitwa Acacia, ilinunua mradi wa magharibi mwa Kenya kutoka kwa Aviva ya Australia kwa dola milioni 20 za Australia. Wakachoronga miaka kadhaa Isulu na Bushiangala, wakapata rasilimali ya kukisiwa ya zaidi ya wakia milioni 1, yenye gramu 12 hivi kwa tani. Gramu 12 ni nyingi. Machimbo ya wazi duniani huishi kwa gramu 1 au 2. Mwaka 2020 Barrick, kampuni mama, ikauza mradi huo kwa Shanta Gold. Bei: dola milioni 14.5 za Marekani, karibu nusu taslimu na iliyobaki hisa, pamoja na mrabaha wa asilimia 2 wa mauzo ya baadaye. Gawa. Ni kama dola 12 kwa wakia, wakati wakia iliyosafishwa ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 1,500.

Kwa nini? Kwa sababu wakia ya kukisiwa iliyo chini ya shamba la mtu bado iko mbali sana na benki. Itachorongwa tena kwa karibu zaidi. Itachimbwa chini ya ardhi, kazi ghali kuliko shimo la wazi. Juu yake kuna nyumba, makaburi ya wazee, mashamba ambayo hati bado iko kwa jina la babu aliyefariki, na eneo letu ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi Kenya. Kila moja kati ya hayo ni miaka, na kila mwaka ni hisa mpya. Kwa hiyo mtu akiwaambia "kampuni ina wakia laki sita, dhahabu ni dola elfu kadhaa, zidisha", mwambieni azidishe peke yake. Nyinyi chukueni thamani ya kampuni sokoni, toeni pesa iliyo benki, ongezeni madeni, mgawe kwa wakia. Kampuni Fulani: 21.6 toa 2.1 ni 19.5, gawa kwa laki sita, dola 32.5 kwa wakia. Halafu linganisheni na kampuni nyingine zenye wakia za daraja lile lile, kiwango kile kile, nchi inayofanana. Aliyeko Kakamega akiuliza hisa za Shanta zinapatikana wapi, jibu ni kwamba ilinunuliwa yote mwaka 2024 na kuondolewa soko la London. Anayewauzia leo anauza hewa.

Kuhusu uchenjuaji, yaani kutenganisha dhahabu na mwamba, nitapita haraka. Dhahabu iliyo huru hutoka kwa sianidi zaidi ya asilimia 90. Dhahabu iliyofungwa ndani ya madini ya salfa na aseniki inaweza kugoma, itoke nusu au chini ya hapo, na kuilazimisha kunahitaji mitambo ya mamilioni mengi ya dola. Tafuteni majaribio ya maabara kabla ya kuamini wakia yoyote.

Leseni sitaipita haraka hivyo. Kwa Kenya, Sheria ya Madini ya 2016 inatoa leseni ya utafutaji kwa muda usiozidi miaka 3 kwa awamu. Mgodi mkubwa ukifunguliwa, serikali ina asilimia 10 ya hisa bila kulipa. Mrabaha hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Kuanzia 2019 utoaji wa leseni mpya ulisimamishwa kwa miaka kadhaa. Na kumbukeni Mrima Hill kule Kwale, ambako hata si dhahabu iliyokuwa inatafutwa: leseni ilifutwa 2013, wawekezaji wakaenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na 2018 wakashindwa kwa kuwa leseni yenyewe haikuwa imefuata sheria, ya mazingira ikiwemo. Kwa nchi yoyote ile, ulizeni leseni inaisha lini, iko kwa jina la nani, na kama kampuni inaimiliki au bado inalipa ili ije kuimiliki. Wengi wana haki ya kununua tu, na malipo makubwa yako mbele.

Kampuni iliyofika kwenye makadirio ya kiuchumi itawaonyesha thamani ya mgodi ya mamia ya mamilioni ya dola. Mambo manne tu hapo: bei ya dhahabu waliyotumia, kama ni baada ya kodi, riba ya punguzo, yaani ile inayoshusha pesa ya miaka ijayo iwe thamani ya leo (kwa dhahabu wengi hutumia asilimia 5, ambayo kwangu ni ya ukarimu mno), na gharama ya kujenga. Kampuni ya dola milioni 20 ikihitaji milioni 250 kujenga, rudini kwenye shamba la Vihiga. Tena makadirio ya hatua ya kwanza kabisa yanaruhusiwa kuhesabu rasilimali ya kukisiwa. Upembuzi yakinifu hauruhusiwi.

Yote haya yanasomwa wapi? Bure, kwenye simu. Kanada ni tovuti ya SEDAR+, Australia na London ni tovuti za masoko yao. Ripoti ya Kanada ina sura zenye namba zisizobadilika, basi msianze na muhtasari uliopambwa. Anzeni na sura ya 4, leseni na mirabaha. Kisha ya 11 na 12, sampuli na uhakiki. Ya 13 ni uchenjuaji. Ya 14 ni rasilimali. Mwisho someni ya 26, ambamo mjiolojia anapendekeza bajeti ya awamu ijayo. Bajeti hiyo ikiwa milioni 6 na benki kuna 2, mmeshajua hisa ngapi zinakuja.

Na kununua kwenyewe. Dalali awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, au ya mdhibiti wa nchi anakofanyia kazi, na leseni hiyo mwitafute wenyewe kwenye tovuti ya mdhibiti. Kiungo alichotuma yeye kwenye WhatsApp msikibonyeze. Mji wa Nairobi una sifa yake katika biashara ya dhahabu bandia, na hisa bandia ni rahisi zaidi kutengeneza. Tazameni pengo la bei: anayenunua anatoa senti 9, anayeuza anataka 11. Ukinunua na kuuza dakika hiyo hiyo umepoteza asilimia 18, bado ada ya dalali na kubadilisha shilingi. Wekeni agizo lenye bei ya kikomo kila mara. Angalieni pia hisa ngapi huuzwa kwa siku. Kama ni za dola 3,000, chama chenye dola 10,000 kitaingia siku moja na kutoka kwa mwezi mzima. Anayetaka tu kufuata bei ya dhahabu, bila mashimo na waranti, soko la Nairobi lina mfuko wa NewGold tangu 2017, na hahitaji hotuba hii.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya maswali, kila kikundi kina karatasi. Shimo la kwanza: mita 24 zenye gramu 2.1, ikiwemo mita 0.8 yenye gramu 55. Shimo limekata mshipa kwa nyuzi 30. Kampuni ina hisa milioni 310, waranti milioni 95 za senti 7, bei sokoni senti 6, pesa benki laki tisa, matumizi laki mbili kwa mwezi. Nipeni kiwango cha zile mita 23.2 zilizobaki, unene wa kweli wa mshipa, na mwezi ambao hisa mpya zitatolewa. Kalamu ziko pale mezani, dakika kumi zinatosha.